Pua ya Mume Wangu

Mume wangu haingii nyumba ya mtu kabla hajainusa. Anasimama mlangoni, anainua kichwa kidogo, anavuta pumzi moja ndefu, ndipo anapiga hodi. Mwanzoni mwa ndoa yetu nilikuwa namfinya mgongoni kwa aibu, maana wenyeji walidhani ananusa chungu kilichoko jikoni. Wengine walikimbilia kupakua. Naye badala ya kunawa mikono akauliza bomba la bafuni limepita ukuta gani.

Amesomea usanifu majengo, lakini usimwombe akuchoree nyumba. Kuchora aliacha zamani. Kazi yake ni nyumba zinazougua: kuta zinazotoka jasho, dari zenye madoa meusi, makabati yanayonuka uvundo, nguo zinazoota kuvu zikiwa zimekunjwa vizuri. Mwenye nyumba na mpangaji wakigombana juu ya nani kaleta maji, wanamwita yeye. Anakwenda na begi lake lenye taa, kipima unyevu cha sindano mbili, karatasi za nailoni na gundi ya kubandika. Anapapasa ukuta, anaupiga kwa kiganja, anautegea sikio, halafu anakaa kimya mpaka watu wanakosa raha. Wengi huujaza ukimya huo kwa methali. Usipoziba ufa utajenga ukuta, wanamwambia, kila mmoja akidhani yeye ndiye wa kwanza kuikumbuka. Jibu lake ni moja siku zote: "Ufa hauna neno. Tatizo ni mlichopaka juu yake."

Na akishajua, anasema. Hapo ndipo tabu ya maisha yetu ilipo. Bwana mmoja mwenye jumba la kifahari alimwita achunguze dari iliyokuwa ikioza, akaambiwa mbele ya wageni wake kwamba kinachoozesha dari ni lile bwawa la samaki alilolijenga sebuleni kwa kujionyesha. Hakumwita tena, na rafiki zake hawakumwita pia. Nilimuuliza mume wangu kwa nini hakutafuta maneno laini. Akasema maneno laini ndiyo yaliyoozesha nusu ya nyumba za mji huu. Mimi nikamwambia basi ale huo ukavu wake, maana siku hiyo sikupika.

Jina la Pua alipewa na mdogo wake wa kike wakiwa wadogo, likamganda. Mpaka mama yao, ambaye tunaishi naye, akikasirika humwita hivyo. Nyumbani kwetu lakini hanusi. Anasema pua nayo ni mfanyakazi, ikifika kwake ipumzike.

Sasa huyo mdogo wake, wifi yangu, anaishi chini kabisa ya jengo la ghorofa, vyumba viwili, yeye na binti yake mmoja tunayemwita Kifaranga. Baba wa mtoto aliondoka bila kuaga, na huko aliko tumwache huko huko. Wifi anafua mashuka ya nyumba ya wageni ya mtaa wa pili. Ndiyo kazi yake, hana nyingine. Mashuka meupe, mengi, yanatoka asubuhi machafu na yanatakiwa kesho yake yamenyooka na yananukia. Zamani alikuwa anayaanika uwanjani nyuma ya jengo. Mwenye jengo alipougeuza uwanja kuwa maegesho ya magari, mashuka yalihamia ndani.

Mvua za mwaka huo zilipoanza, kifua cha Kifaranga kilianza kulia. Jina lake la utani lilikuwa la upendo tu, lakini sasa ukimwekea sikio mgongoni ulisikia kifaranga kweli. Mara ya kwanza hospitali walimpa dawa akarudi. Mara ya pili walimwekea mashine ya kupumulia, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Daktari akamuuliza wifi mtoto analala wapi. Akasema kando ya ukuta wa nje, na ukuta ule umeota kuvu nyeusi kutoka sakafuni hadi usawa wa mto. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mama, mtoto huyu asirudi kulala pale," alisema. "Kifua hiki hakitavumilia mara ya tatu."

Tukamchukua Kifaranga akalale kwetu, chumbani kwa bibi yake. Wifi akaenda kwa mwenye jengo kumwambia ukuta wake unavuja. Mwenye jengo akamjibu kuwa wapangaji ndio wanaomharibia nyumba. Maneno yakafika baraza la nyumba, linaloamua kesi za wapangaji, na baraza likataka mtaalamu ambaye pande zote mbili zitamkubali. Wifi akamtaja kaka yake. Tulijua mwenye jengo atakataa, nani akubali hakimu wa familia ya mwenzake? Yeye akacheka. "Huyo Pua? Namkubali," alisema. "Huyo hata mama yake mzazi hamdanganyi."

Wifi alikuja kutusimulia mbio mbio, kanga mkononi. Mama mkwe alicheka mpaka akafuta machozi. Sote tulifurahi, tukahesabu kesi imekwisha. Mume wangu peke yake hakucheka, akaenda kutafuta begi lake.

Nilimsindikiza. Wifi alitufungulia mlango akiwa anasogeza mashuka pembeni kwa mkono ili tupite, kwa sababu yalining'inia kutoka ukuta hadi ukuta, safu baada ya safu, na ncha zake zikitona kwenye mabeseni. Jikoni sufuria ya maji ya kufulia ilikuwa inachemka. Madirisha yalifungwa, tena yamezibwa kwa vitambaa pembezoni, kwa sababu ya masizi ya barabarani. Doa moja jeusi kwenye shuka na nyumba ya wageni inarudisha lote. Kitanda cha Kifaranga kilikuwa kimesukumwa kabisa kwenye ukuta wa nje ili kamba zipate nafasi.

Mume wangu alisimama mlangoni, akanusa. Mimi nimelala na mtu huyu miaka mingi, namjua mabega yake. Yalishuka. Alikwishajua kabla hajafungua begi, na bado alifungua. Alipima ukuta kwa sindano, akatoka nje kwenye mvua akauchunguza upande wa pili, akapanda juu kuangalia bomba, akarudi amelowa. Kisha akakata kipande cha nailoni angavu, akakibandika ukutani juu ya kitanda cha mtoto, akaziba kingo zote nne kwa gundi.

"Sikiliza, mdogo wangu," alisema. "Maji yakitoka ukutani, matone yatakaa nyuma ya nailoni, huko upande wa ukuta. Yakitoka chumbani, yatakaa juu yake, huku kwetu. Wewe ishi kama unavyoishi. Usibadilishe kitu."

"Yatakaa nyuma," wifi alisema. "Utaona mwenyewe."

Njiani kurudi alitangulia mbele. Nilijua alikuwa anaomba akosee. Sijawahi kumwona mume wangu akiomba vile, hata siku ya ajali ya baba yake.

Tuliporudi baada ya siku chache, alimwambia wifi aguse mwenyewe. Wifi akapitisha kidole juu ya nailoni na kidole kikaacha njia. Maji yakatiririka hadi kwenye godoro. Akabandua pembe moja, akaingiza mkono nyuma, akaupapasa ukuta kwa kiganja chote, akautoa. Kiganja kilikuwa kikavu.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema.

"Si wewe. Ni maji ya mashuka. Yanapanda hewani, hayana pa kutokea, yanatafuta ukuta wenye baridi. Yanatua hapo alipolala mtoto."

"Mashuka nani kayaanika? Nakuuliza, kaka. Nani kayaanika?"

Mume wangu akaangalia begi lake.

"Andika ukuta unavuja," wifi alisema, na sauti yake haikuwa ya kuomba bado.

"Nikiandika hivyo watabomoa plasta ya nje, watapiga nyingine, na wewe utaendelea kuanika humu humu. Mtoto atarudi kulala hapa. Kuvu haisomi ripoti, mdogo wangu."

"Na ukiandika ukweli, huyu ananitoa. Nitakwenda wapi? Nitafua wapi?" Alikaa kwenye kitanda cha mwanawe, palipolowa, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Watu wanasema damu nzito kuliko maji. Kwako wewe maji ndiyo mazito."

Nilisimama upande wa wifi, na nasema hivyo bila aibu. Tulipofika nyumbani nilimwambia mume wangu aandike ukuta, mtoto tutakaa naye sisi, watu wa baraza hawajui nailoni wala mbele na nyuma yake. Akaniambia mwenye jengo atamleta mtaalamu mwingine akitaka, na ukweli utatoka huku wifi akionekana mwongo. Halafu akasema jambo la pili, polepole: "Nikidanganya leo, kesho nikimwambia mzazi chumba hiki kitamuua mwanao, ataniamini kwa lipi?" Nilimjibu neno ambalo sitalirudia hapa. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, na mimi nilikuwa nalala ndani ya hiyo nyumba, na ila yake ilikuwa ni mume mkweli.

Akasema kweli. Alisimama mbele ya baraza akasoma alichoandika, akaeleza nailoni, na alipomaliza mwenye jengo alimnyooshea mkono. Hakuupokea. Baraza likaamua wifi abaki, chumba kikwanguliwe na kupakwa rangi upya, lakini likionekana shuka moja bichi ndani ya nyumba ile, atoke siku hiyo hiyo. Wifi alipita mbele yetu bila kutuangalia. Nguo za Kifaranga alituletea kwa mkono wa jirani.

Nilifikiri mambo yangeishia hapo, kwenye kununiana, maana kununiana tunakuweza. Lakini mtu anakula. Nyumba ya wageni ilimwambia wifi kama hawezi atafutwe mwingine. Tulijaribu kuanika kwetu, chumbani kwangu mimi na mume wangu. Dirisha letu linatazama barabara, na mashuka yalirudishwa yote yana masizi. Sebule yetu ni njia ya kupita. Ua wetu ni upana wa mlango na mvua inaingia wote. Wifi alikuwa akija kuyachukua yale mashuka yaliyochafuka anayafua upya, macho yamevimba, na mikono imechubuka mpaka sabuni inamuuma. Kifaranga alimuuliza mbele yetu kama watarudi nyumbani. Wifi akabeba beseni lake, akatoka.

Mama mkwe ndiye aliyetuita. Ni mwanamke mdogo wa umbo, amebaki mifupa na amri. Alikaa kitandani kwake, akatutazama mmoja mmoja.

"Pua," alisema, "hayo maji ya mashuka, yakitoka kule kwa mdogo wako yanakwenda wapi?"

"Maji hayafi, mama. Yanahama tu."

"Basi yahamie humu kwangu. Dirisha langu linatazama uchochoroni, hakuna masizi. Huyu achukue mwanawe arudi kwake, mashuka yakae na mimi."

"Mama, haiwezekani. Na wewe una kifua."

"Changu kimeshafanya kazi. Kimewalea wewe na huyo." Akajifunika miguu. "Tena sikukuomba ruhusa. Nimekuarifu."

Alibishana naye, na kubishana na mama yake ni kupoteza mate. Wifi alikuwa amesimama kwenye kona, macho kwa mama yake. Mwishowe mume wangu alitoboa matundu ya hewa juu na chini, akafunga kamba katikati ya chumba mbali na kuta, akamwapisha mama yake kuwa dirisha halitafungwa mchana kutwa. Mama mkwe akaapa. Aliapa haraka mno, lakini tuliyataka sana maneno yale, tukayapokea.

Kwa muda mambo yalikwenda. Kifaranga alirudi kwao kwenye chumba kilichopakwa rangi nyeupe, akarudi shule, akaanza tena kupiga kelele kama watoto wenzake. Wifi alianza kutusalimia, kwanza mimi, kisha kaka yake. Alikuja na mashuka mabichi asubuhi, akaondoka na makavu jioni. Nyumba yetu ilinukia sabuni.

Halafu mvua ilirudi, na safari hii ilikuja na upepo. Mzee wa umri ule hawezi kukaa na dirisha wazi upepo ukimpiga mgongoni. Alilifunga. Nikilifungua, nikirudi nakuta limefungwa, na matundu ya hewa yamezibwa kwa soksi. Ndipo alipoanza kuipenda redio. Mtu ambaye zamani alisema redio inampigia kelele, sasa alikuwa nayo kifuani, na kila mara alipoongeza sauti nilisikia chini ya ile sauti kikohozi, kifupi, kilichomezwa.

Siku moja nafagia chumbani kwake nikaona kalenda ukutani, chini, usawa wa mto wake. Kalenda ya mwaka jana. Nikaifunua. Sihitaji kueleza kulikuwa na nini nyuma yake.

"Irudishe, mwanangu," alisema nyuma yangu.

"Mama, hii ni..."

"Najua ni nini. Nimezaa mtu wa kazi hiyo." Alipumzika kidogo kabla ya kuendelea, kwa sababu sentensi ndefu zilikuwa zinamshinda. "Kifaranga juzi kakimbia mbio shuleni, kawa wa pili. Ulimsikia akikohoa? Basi irudishe."

Nikairudisha. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo naijua, nilimtajia, akanijibu kuwa kifo kikimjia yeye hakitakuwa kimekosea nyumba. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza nimwambie nani. Nikimwambia mume wangu, atayatoa mashuka, na wifi atayarudisha ndani kwake kwa siri, na mtoto atalala chini yake. Nikimwambia wifi, ataacha kazi na wote wawili watakosa kula. Kila mlango niliofungua kwenye mawazo yangu nilikuta mtu ninayempenda amelala nyuma yake. Nilikuwa nikilia jikoni na kusema ni vitunguu, siku ambazo hata vitunguu sikuwa navyo.

Na mume wangu? Hapo ndipo hasira yangu ilipokuwa kubwa zaidi. Pua ile, inayogundua kuvu nyuma ya kabati la mtu baki, ilianza kumsalimia mama yake kutoka ukumbini. "Shikamoo, mama, umeshindaje?" akiwa mbali na mlango, kisha anapita. Alisema amechoka, alisema viatu vina matope. Nilimtazama akipita na nikaelewa kwamba mtu asiyeingia chumbani hajui kilichomo, na asiyejua hana la kusema.

Jumamosi moja mvua ikinyesha, wifi alikuwa chumbani kwa mama anakusanya mashuka, Kifaranga yuko naye. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Akamwita kaka yake kwa furaha, kama walivyokuwa wakiitana zamani.

"Pua! Njoo unishikie ncha!"

Nilimwona mume wangu akiinuka sebuleni. Alikuwa ameitwa kwa jina lile na mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu baraza, angekataaje? Akaenda. Nikamfuata. Akafika mlangoni, akasimama, na kichwa chake kikainuka kidogo, bila yeye kukituma. Akavuta pumzi moja ndefu.

Kifaranga akaangua kicheko, akamwigiza, pua juu. Wifi naye alicheka, kisha kicheko kikamkatika usoni. Akaangalia dari, akaangalia shuka alilolishika.

"Kaka. Kwani kuna harufu?"

Macho ya mume wangu yalikuwa yameshaifikia ile kalenda ya mwaka jana, pale chini, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma tarehe. Kisha yakaenda kwa mama yake. Mama mkwe alikuwa ameketi wima kitandani, mkono juu ya redio, anamtazama bila kupepesa.

"Mwambie mdogo wako," alisema. "Humu kwangu kuna harufu?"

Niliuegemea ukuta. Nilimwomba Mungu, na mpaka leo sijui nilikuwa naomba jibu gani.

"Hamna," mume wangu alisema. "Pakavu."

Wifi akashusha pumzi. "Akisema Pua, basi," alisema, akamrushia ncha mbili za shuka. Wakalivuta, wakalinyoosha, wakaendeana katikati ya chumba, ncha kwa ncha, kama walivyofundishwa na mama yao walipokuwa wadogo. Mume wangu hakuwa ananitazama. Aliliinua shuka juu mpaka likamficha uso, na Kifaranga akidhani ni mchezo akapita chini yake akicheka.

Mama mkwe alimtazama mtoto akipita. Halafu akanyoosha kidole, akaongeza sauti ya redio.